"Kata!" Kule Itebero

Siku yangu ya kwanza kazini, ukungu uliingia ndani ya banda pamoja nasi. Lilikuwa banda la zamani la kutengenezea jibini, hapa Karuba, na kuta zake bado zilinuka maziwa. Mwalimu Mkuu wa klabu ya karate alinitazama miguu kabla ya uso.

"Viatu inje! Na simama muzuri. Unasimama sawa muntu anangojea taxi-moto."

Ndivyo nilivyoanza kufundisha karate. Yeye ndiye aliyenieleza asili ya mchezo huo: kisiwa cha Okinawa, watu walionyimwa silaha, mbinu zilizovuka bahari kutoka China zikachanganyika na za kwao. Jina lenyewe maana yake mikono mitupu.

"Muntu mwenye haana kitu mu mukono," alisema, "anabakia na pumzi yake na miguu yake. Anzia apo."

Baadaye akanituma Itebero, msituni Walikale, nikafungue darasa. Nilikwenda kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria, kisha kwa miguu, chini ya miti isiyopitisha jua. Wanafunzi walikuwa wakulima, wengi wao wanawake. Asubuhi ya kwanza niliwapanga, tukainama kusalimiana, nikapaza sauti kutangaza zoezi: "Kata!"

Katika karate, kata ni mfululizo wa hatua na mapigo unaoufanya peke yako, ukipambana na adui asiyeonekana. Lakini wale walisikia Kiswahili. Walilala chini wote kwa mara moja, bila kelele. Mmoja tu alibaki amesimama, kiganja shingoni: Mama Sifa. Kumbe neno hilo walikuwa wamelisikia kabla yangu, kwa watu wenye mapanga, katika shamba lake la mihogo ng'ambo ya kijito. Mumewe aliuawa, akabaki huko. Tangu siku hiyo Mama Sifa hakuwa amevuka.

Nikasema nitatafuta neno jingine.

"Apana, Papa," akasema. "Ukilificha, litanikuta ku njia. Sema tu. Nataka kurudia ku shamba yangu."

Basi nikalisema kila asubuhi, mwanzoni kwa kunong'ona. Nilimfundisha kukaza nyayo, kushusha pumzi tumboni, kugeuka bila kuyumba. Shingo yake ikaanza kulegea. Akasema sasa anapata usingizi. Siku moja akauliza:

"Uyu tunapigana naye njo nani?"

"Hakuna muntu, Mama. Mazoezi tu."

Akacheka kidogo. "Kama haiko, mukono yako inasimamia ku nini?"

Niliitazama ngumi yangu, imesimama hewani kana kwamba imegusa kitu.

Ukafika wakati wa kulima. Alivuka kijito, mimi nyuma yake. Shamba lilikuwa limemezwa na nyasi, na ndege walikuwa wamenyamaza. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka kwenye miti, wazi kabisa: "Kata!"

Mama Sifa hakushika shingo. Aliinama, akaifanya kata yote hadi hatua ya mwisho, huku nyasi mbele yake zikilala kuelekea msituni kila aliposonga, ingawa upepo haukuwapo. Akainama tena. Kisha akashika jembe.

"Aksanti, Papa," akasema bila kugeuka. "Leo umelisema kwa nguvu."

Sasa nimestaafu, nimerudi Karuba, magoti yamechoka. Vijana huniuliza karate ina faida gani. Nawaambia: pumzi, usingizi, miguu inayokubali kusimama pale ilipotaka kukimbia. Asubuhi nafanya kata yangu taratibu kwenye ukungu, na kabla ya kuanza nasubiri kidogo, nisikilize. Maana siku ile, shambani, sauti ilipotoka kwenye miti, mdomo wangu ulikuwa umefungwa.