Jina Alilolitaja Ami Harub Uwanjani

Ami Harub si ami yangu wa damu. Namwita hivyo kwa sababu ni mkubwa, na kwa sababu nilipoacha skuli hakuna aliyenichukua ila yeye. Alinitia dukani kwake Wadi Kabir, hapa Maskati, tukiuza vipuri vya magari yaliyopata ajali: taa, redieta, milango ya Hailaksi. Kazi ilinichosha mapema, lakini sikuondoka, maana ukifanya kazi kwa Ami Harub unapata na hoki bure.

Hoki ndiyo yalikuwa maradhi yake. Aliicheza tangu Unguja, pekupeku, na alipokuja Maskati akaishikilia Najma, timu ya Hamriya. Na Najma ilikuwa timu ya kukupandisha presha. Msimu huu inashika nafasi ya pili, msimu ujao inanusurika kushuka daraja kwa mechi ya mwisho. Walipotandika majani ya bandia uwanjani, yale yanayomwagiwa maji kabla ya mchezo, wachezaji wetu waliozoea changarawe wakawa wanateleza kama watu waliomwagiwa sabuni. Tukafungwa saba. Keshoye Ami hakufungua duka, akasema ana homa. Wapakistani wa gereji ya jirani wakamletea machungwa, lakini kila mmoja akimuuliza homa yenyewe ni saba au nane.

Jukwaani lakini hakuna mwenziwe. Marhoon anapiga ngoma, Ami anasimama mbele na kilemba kimekaa upande, anatunga nyimbo pale pale, sisi tunaitikia. Refa akikosea ana wimbo. Kocha wao akiwa na kitambi ana wimbo. Mpaka mashabiki wa timu nyengine walikuwa wakinyamaza kumsikiliza, wacheke, halafu ndo watutukane.

Sasa, timu iliyokuwa ikitutesa zaidi ni Suqur ya Wadi Kabir, na iliyokuwa ikitutesa katika Suqur ni golikipa wao, Musallam. Na Musallam hoki kafundishwa na nani? Na Ami Harub huyu huyu.

Kisa chake ni hivi. Ami alipofika Maskati miaka ya sabini alikuwa hana mtu. Bi Nasriya, mamake Musallam, alikuwa jirani yao kule Unguja, akamchukua. Alilala barazani kwake karibu mwaka mzima mpaka alipopata kazi. Musallam alikuwa mtoto anatambaa. Alipokua, fimbo ya kwanza ya hoki alinunuliwa na Ami. Mke Ami aliwahi kuwa naye, wakaachana, watoto hawakupata, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akila kwa Bi Nasriya. Sinia moja, yeye na Musallam, wali na samaki na pilipili ya kusaga, huku wanataniana. Musallam akimwambia, "Ami, Najma yenu ipelekeni hospitali." Ami naye akimjibu kuwa magoli aliyofungwa utotoni bado anayahesabu. Bi Nasriya anawapigia kelele wale, chakula kinapoa. Ndiyo ilikuwa familia yake, hana nyengine.

Mwaka tisini na tisa tukaingia fainali ya kombe, sisi na Suqur. Alkhamisi jioni, uwanja umejaa, televisheni ipo. Tukapata bao, wakarudisha. Kipindi cha pili tukawazingira, lakini Musallam siku ile alikuwa ukuta. Kila mpira anautoa kwa mguu, kwa mkono, kwa kifua. Zikabaki dakika chache, tukapewa penalti kona, ule mpira unaopigwa kutoka pembeni ya goli na wachezaji wenu wanausubiri juu ya duara. Uwanja ukatulia. Watu wakamgeukia Ami. Marhoon akamwambia hebu toa kitu.

Akatoa.

"Nasriya, mwite mwanao, kaacha mlango wazi!"

Tuliitikia. Ngoma ikaingia, jukwaa zima likaingia, mpaka waliokuwa upande wa pili wakasikia kila herufi.

Kwa asiyekaa huku pengine haoni kosa liko wapi. Maskati kijana anaweza kumaliza skuli na asipatikane mwenziwe hata mmoja anayelijua jina la mamake. Jina la mama linakaa nyumbani. Likitajwa mbele ya wanaume ni kama umemtoa bibi wa watu nje bila ya shela. Wazee waliokulia Unguja hawana ukali huo, kule mtu anaitwa Bi Fulani na barabara nzima inajua. Lakini Ami alishakaa hapa robo karne. Alijua. Na wanaoitikia hawakulijua jina hilo ila kwa sababu yeye alilijua, na yeye alilijua kwa sababu alilishwa.

Musallam aligeuza uso. Si sana, kidogo tu, akautazama upande wetu, na nadhani alikuwa akitafuta nani. Mpira ukaingia.

Tukachukua kombe. Watu wakarukia uwanjani, wakamnyanyua Ami mabegani kama yeye ndiye aliyefunga. Nilimwona huko juu, mdomo unacheka, macho hayapo. Aliwaomba wamteremshe, wakadhani anatania, wakazidi kumrusha. Musallam alikaa chini ya goli anafungua pedi za miguuni, moja moja, hamtazami mtu.

Ndani ya gari Ami aliniuliza kama televisheni inakamata sauti za jukwaani. Nikamwambia pengine, na kelele zile. Tulipofika dukani Mpakistani mmoja akamshangilia kwa wimbo wenyewe, na jina lenyewe, kwa Kiswahili kibovu. Alikuwa kausikia kwenye televisheni ya mgahawani.

Bi Nasriya naye alikuwa kawaalika wanawake wa mtaani waje kwake kumtazama mwanawe.

Ijumaa ya keshoye Ami alisali, akarudi dukani, akanunua chapati. Ijumaa ya pili vile vile. Mjini watu wanampongeza, kombe limepita Hamriya nzima juu ya pikapu, yeye anaitikia huku anaangalia viatu. Ya tatu akaniambia nimpeleke. Alivaa dishdasha mpya. Alinitaka niingie naye, nikajua anaogopa kuingia peke yake.

Zamani alikuwa akipita mlango wa jikoni, anafunua sufuria. Siku ile mtumishi alitufungulia mlango wa mbele, akatukalisha majlisi, kwenye viti bado vina nailoni. Ikaletwa kahawa, ikaletwa halwa, ikaletwa na ubani. Bi Nasriya akaingia kajitanda vizuri, akatusalimia kwa taratibu, akauliza hali, akauliza biashara. Hakumwita we Harub kama siku zote. Alimwita Sheikh Harub.

Ami aliweka kikombe chini. Nilidhani atatunga maneno, maana ndo kazi yake. Alisema tu, "Bi Nasriya, nisamehe."

"Nshakusamehe mie," akasema. "Nilikusamehe siku ile ile, usinipe taabu ya kukusamehe mara mbili. Ila Ijumaa usije. Musallam hakai sinia moja na wewe, na mie sina mtoto mwengine."

Akamsogezea sahani ya halwa. Ami akala kipande, maana angefanya nini. Sauti ya sahani tuliisikia chumba cha pili, watu wanaandaliwa chakula, na harufu ya samaki ikatujia mpaka pale tulipo.

Najma baada ya hapo ikaporomoka, na Ami hakutunga wimbo tena. Marhoon alijaribu kushika nafasi yake, sauti mbaya. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili ikaamriwa vilabu vidogo viungane, na sisi tukaunganishwa na Suqur. Klabu moja, jezi moja, na golikipa wa kwanza ni Musallam. Vijana wetu waliomwimbia mamake sasa wanaliimba jina lake yeye, mpaka wanakauka koo.

Ami bado anakwenda, mechi hata moja haimpiti. Lakini anakaa nyuma ya goli la wapinzani. Kipindi cha kwanza kikiisha, timu zinabadilisha upande, naye anachukua mto wake wa kukalia, anauzunguka uwanja wote na jua lile, anakwenda kukaa mwisho wa pili. Vijana wanamcheka, wanasema mzee kafunga mkataba na bendera za kona.

Juzi nilimwambia akae basi, miguu imeshamvimba, Musallam mwenyewe pengine kashasahau.

"Mwana yule anazuia vizuri," akaniambia. "Nikikaa nyuma yake atajua nipo."

Akauchukua mto.