Sarafu Juu ya Mtutu

Muuza bunduki wa mji wetu, huku milimani Pennsylvania, hakuulizi unataka bunduki gani. Anafuta mikono kwenye aproni, anahakikisha bunduki haina risasi, anaweka sarafu juu ya mtutu, kisha anakwambia uvute kifyatulio: sarafu isipoanguka, bunduki hiyo inakufaa. Mimi, niliyefika miaka sitini na minne bila kuwinda hata panya, nilikuwa nimeikumbatia bunduki kubwa kuliko zote dukani. Nikavuta, sarafu ikaanguka. Akainama taratibu, akaiokota, akairudisha juu ya mtutu. Ikaanguka tena. Mara ya tano magoti yake yalilia kuliko bunduki.

“Bwana Hostetter, unafumba macho,” akasema kwa upole. “Na haina hata risasi.”

Akaniletea nyingine, fupi, nyepesi. Nikavuta. Sarafu ikatulia tuli, kichwa kikanivimba.

“Hii wananunuliwa kina nani?”

“Watoto wa miaka kumi na miwili, wanaoanza kuwinda kulungu.”

“Basi nifungie hiyo kwenye gazeti, wasije wakaniona nayo.”

“Usiwakimbie,” akasema, akitia sarafu mfukoni. “Hao ndio watakaokuburutia kulungu wako hadi garini.”