Shoka Nililolizika Pujini

Mie hakuna la kunishangaza. Siku ya kwanza nilipoingia banda la Fundi Mkuu, hapa Pujini, cheche ilinirukia shingoni na sikupepesa jicho. "Huyu roho yake chuma," akasema. Shule niliishia darasa la nne, lakini chuma nimekisoma hadi jalada la mwisho.

Alinifunza kuvukuta, kufua, na kuchovya chuma kingali chekundu ili makali yakaze. Kukitia umri nilijifunza mwenyewe.

Ndipo Bwana Mkuu wa Makumbusho akaniletea picha ya shoka la kale. Alitaka mfano wake wa kuweka kabatini. "Liwe jipya," akasema, "lakini lionekane la mababu."

Nikalifua siku tatu. Mpini nikaupaka maji ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ukawa rangi ya asali iliyoungua. Chuma nikakisugua ndimu na chumvi, nikakifunga kitambaa chekundu kilicholowa siki, nikakizika mpakani mwa shamba langu, penye majimaji. Kutu haitaki haraka. Kila asubuhi nilikaa pale, umande miguuni, nikahisi chuma kimelala chini yangu, kinaota mikono iliyokishika na miti iliyokwisha kuanguka. Wallahi, mwishowe nikaamini kimenizidi umri.

Asubuhi ya kukabidhi nikakuta shimo tupu. Jirani yangu Bi Mize kasimama na jembe, Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, kando yake, watu wamezunguka kile kitita chekundu. Hakuna anayekigusa.

"Fingo!" Bi Mize akalia. "Uchawi umezikwa kwenye muhogo wangu! Ndo maana binti yangu haondoki kitandani!"

"Litupwe baharini," mtu akasema.

Nikisema langu, mie mchawi. Nikinyamaza, kazi nzuri kuliko zote nilizofanya inazama.

"Langu," nikasema.

"Yakhe, huoni haya?" Sheha akaniuliza.

Nikafungua kitambaa. Kutu imetanda laini kama vumbi la mdalasini. Sheha akaligeuza juani. "La tangu lini hili?"

"La mwezi uliopita, Mzee. Nimelifulia makumbusho."

Akacheka hadi kofia ikamwanguka. Bi Mize hakucheka. "Mwanangu bado mgonjwa," akasema.

Sheha akahukumu: shoka nichukue, kisomo cha Kurani cha kuondoa hofu nikifanye mie, na mgonjwa nimpeleke hospitali.

Sasa mgongo umenikatalia nyundo. Vijana wakiniuliza kutu nzuri hupatikanaje, nawaambia: siki, chumvi, subira, na umwarifu jirani. Binti alipona. Shoka limo kabatini, wageni huliinamia. Mchele, nyama, ubani, halua ya wasomaji, gari na dawa vilinigharimu shilingi laki mbili, elfu kumi na saba na mia tano.