Hudhurungi ya Bwana Kamusi

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bwana Kamusi, na jina hilo hakupewa kwa heshima, ingawa yeye alilipokea kwa heshima zote. Miaka thelathini alikuwa karani wa masjala, akipitia barua za ofisi na kutia wino mwekundu penye makosa kabla hazijapanda kwa wakubwa. Alipostaafu, barua ziliisha, wino ukabaki kichwani, na mtu asiye na karatasi za kusahihisha husahihisha watu. Kinyozi wa pale kona alifuta kibao chake mara mbili kwa sababu ya neno "tunanyowa". Mama muuza mkaa aliacha kabisa mambo ya kuandika, akawa anaweka gunia nje, mwenye macho ajionee.

Mtaa ulivumilia. Aliyechoka ni mke wake, fundi cherehani, mwanamke mcheshi ambaye wateja walimfuata kwa maneno yake kabla ya mshono wake.

Ilikuwa hivi. Mke aliteleza bafuni akavunjika mkono. Wageni walipokuja kumpa pole, aliketi na plasta yake akaanza kuwasimulia, na masimulizi yalikuwa yamekolea: sabuni iliyopotea, ndoo, ukuta aliotaka kuushika akaukosa. "Basi nikaanguka tifu," akasema. Hapo mume akakohoa. Akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba tifu ni kuanguka mchangani. Majini ni chubwi. Kwenye sakafu ya saruji, mtu huanguka pu.

Wageni wakaanza kuchunguza vikombe vyao. Mke akaachia hapo hapo, na masimulizi yale hayajamaliziwa hadi leo. Plasta ilipotolewa alifunga mzigo akaenda kwa binti yao kupumzika, na mapumziko yakaingia mwezi wa nne.

Bwana Kamusi alibaki na redio. Aliisahihisha asubuhi na jioni, lakini redio haina uso wa kununa, na mtu hapati raha. Alimkumbuka mkewe vibaya sana. Alikumbuka hata makosa yake.

Jumatatu moja mke akapiga simu. Alisema Jumamosi atafika na pikapu kuchukua cherehani yake. Mzee akaelewa mara moja, maana mapumziko hayahitaji cherehani. Anayebeba cherehani anahama. Akaropoka jambo ambalo hata yeye hakuwa amelifikiria: kwamba anapaka rangi mlango wa mbele na madirisha ya mbao, yote sita, na je, mwenzake angependa rangi gani?

Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwa amemuuliza swali lisilo na jibu sahihi.

"Hudhurungi," mke akasema, akakata.

Mzee alikaa na simu mkononi akitabasamu peke yake. Neno zuri namna ile, na limetamkwa bila kosa hata moja. Akaona bado kuna tumaini.

Kesho yake akamchukua fundi rangi wakaenda duka la vifaa vya ujenzi. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na alijua rangi kwa namba zake. Aliposikia hudhurungi akauliza kama ni ile inayokaribia zambarau. Mwenye duka akasema hapana, ni kama jivu lenye umanjano. Mteja mmoja aliyekuja kununua misumari akaapa kuwa shuleni aliambiwa ni rangi ya machungwa mabovu. Bwana Kamusi akawasikiliza wote, akavua miwani, akawatolea somo kuanzia kwenye udongo mkavu mpaka kwenye kahawa iliyotiwa maziwa kidogo.

"Mzee, ungesema rangi ya udongo tungeshaondoka," fundi akasema.

Akajibiwa kwamba udongo uko wa namna nyingi. Wakarudi na kopo.

Jumatano fundi alipiga msasa. Alhamisi akapaka mkono wa kwanza wa rangi, na kufikia Ijumaa mchana mlango na madirisha yote yalikuwa hudhurungi ya kamusi, hudhurungi isiyo na shaka. Mzee alivuka barabara kuitazama kwa mbali, akarudi, akavuka tena. Hakuna aliyemuuliza ni rangi gani, lakini aliwaambia.

Kilichobaki ni kufuta matone kwenye sakafu ya baraza. Fundi akaomba kitambaa kibovu. Mzee akakumbuka kuwa vitambaa vyote viko kwenye chumba cha kushonea, chumba ambacho hakuwa na kawaida ya kukiingia, kwa kuwa mkewe alikuwa akifunga mlango anaposhona. Alifungua kabati. Kwenye rafu ya juu ilipangwa mikebe ya biskuti ya kuwekea nyuzi, kila mmoja umebandikwa karatasi yenye mwandiko wa mke: NYEUPE. NYEUSI. NYEKUNDU. Na wa mwisho, HUDHURUNGI.

Akautoa kwa furaha alinganishe na kazi ya fundi. Alipofunua, akakuta nyuzi za buluu. Si buluu ya wino. Ni samawati, buluu ile ya anga asubuhi mvua ikiwa imeshakatika, vibiringo kumi na kimoja vya uzi, vyote samawati tupu.

Nimwambie msomaji ukweli: jambo la kwanza alilofanya mzee ni kutoa kalamu mfukoni. Aliifungua. Aliinamia ile karatasi, mkono umeshanyooka kukata neno, ndipo akaona jinsi karatasi ilivyogeuka manjano na kukauka pembeni. Ilikuwa na miaka ishirini, pengine zaidi. Miaka ishirini mkewe aliishi na neno lile humu ndani, akilipenda, na hakulitamka hata siku moja mbele yake. Alikuwa analificha. Yule mwanamke aliyechekesha mtaa mzima alikuwa akichagua maneno anapofika kwake, kama mtoto anayesomeshwa kwa fimbo. Na Jumatatu alilitoa kwa sababu alikuwa anaondoka, hakuwa na cha kuogopa tena.

Hilo lilimchoma mzee. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, kifupi kwake, magoti yakafika kifuani, akalia kidogo. Kisha akachukua kibiringo kimoja cha uzi akatoka nje.

"Fundi," akasema, "tumekosea rangi. Hudhurungi ni hii."

Fundi akautazama uzi. Akautazama mlango na madirisha. Akamtazama mzee kwa muda, kama anayetafuta dalili za homa. Akauliza, kwa adabu, kama Jumanne si wao waliokaa dukani saa nzima wakifundishwa udongo. Mzee akasema Jumanne alikosea. Fundi akaomba arudie, si kwa ubishi, bali kwa sababu hakuamini atalisikia tena maishani.

Wakarudi dukani. Mzee akaomba kopo la hudhurungi huku amenyoosha uzi wa buluu, na mwenye duka akalazimika kwenda nyuma ya mabati kucheka. Jumamosi alfajiri fundi akaanza upya, akinung'unika kuwa samawati juu ya udongo inataka mikono mitatu na yeye ana muda wa mmoja na nusu. Saa nne mtaa ulikuwa umeshapata habari. Walipita mmoja mmoja, wengine walipita mara mbili. Mama muuza mkaa akasema kweli dunia imegeuka. Kinyozi alifunga kibanda chake mchana kweupe akaja kusimama langoni, mikono nyuma.

"Mzee wangu, naomba nijifunze," akasema. "Hii inaitwaje?"

"Hudhurungi."

"Na anga?"

Bwana Kamusi akatazama juu. Hakukuwa na wingu hata la kumsaidia. "Nalo," akasema.

Saa tisa pikapu ikasimama mlangoni. Mke akateremka. Kinyozi alikuwa bado yupo, na muuza mkaa, na wengine waliojifanya wanapita. Fundi alikuwa kwenye ngazi. Mke hakumsalimu mtu. Alitazama mlango, akatazama madirisha moja baada ya jingine, kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa na rangi hadi kwenye nyusi.

"Baba, hii ni rangi gani?" akauliza.

Aliuliza taratibu, na watu wote wakasogea wasikie. Mzee alijua jibu sahihi. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limejipanga, kila herufi mahali pake. Akalimeza.

"Ni hudhurungi, Mama."

"Mjukuu wako kanifundisha rangi zote huko," mke akasema. "Hii ni samawati. Nilikuwa nakosea miaka yote, nimejua mwezi huu. Jumatatu nilisema hudhurungi makusudi, nikijua sasa kuwa ni rangi ya udongo, angalau hapo hutanisahihisha."

Fundi akashika ngazi vizuri. Bwana Kamusi akafuta nyusi, akazidi kuzipaka.

"Mjukuu amekosea," akasema. "Nyumba hii, hudhurungi ndiyo hii."

Mke akamkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika nguzo ya lango, kile kicheko chake ambacho wateja walikuwa wakikifuata. Alipopata pumzi akazunguka upande wa nyumba, akarudi.

"La jikoni mbona mmeliacha?"

Mzee akasema kopo liliisha.

"Basi fundi aje Jumatatu amalizie," mke akasema. "Nitamsimamia mwenyewe."

Dereva wa pikapu, aliyekuwa akisubiri huku injini inanguruma, akauliza cherehani iko chumba gani akaibebe. Mke akamwambia iko inapokaa siku zote, na azime gari asiwajazie watu moshi.