Mboni Isiyotulia

Karakana nzima ya sare za shule iliangua kicheko. Rundo zima la mikono ya mashati lilikuwa la kushoto. Mkataji alikuwa amesahau kugeuza karatasi ya kukatia ili apate na ya kulia.

"Tutafute shule ya wenye mikono miwili ya kushoto!" alisema fundi wa vifungo.

Shangazi yake mkataji, mwenye karakana, hakucheka. "We mtoto, ulilala?"

"Nilikuwa nakata, Shangazi."

Yote mawili yalikuwa kweli. Usingizi ulimjia akiwa amesimama, macho wazi, mkono ukaendelea kusukuma kisu cha umeme peke yake. Akizinduka, hakukumbuka lolote. Kwa miaka mingi alikuwa ameitwa mvivu na kumeza matusi, ilimradi abaki kwenye meza ya kukatia. Ndiyo kazi pekee aliyoijua kuliko wote pale. Sasa ilikuwa inamponyoka, ndipo akamsihi Shangazi amsindikize kwa daktari wa usingizi.

Daktari alimwegemeza kidevu kwenye kifaa. Alipokuwa akisomewa tarakimu azirudie, kamera ilitazama mboni ya jicho lake.

"Mboni hupanuka mtu anapojibidiisha," daktari alimweleza Shangazi, akimwonyesha mistari kwenye kompyuta. "Ya huyu inahangaika hata kabla sijataja tarakimu. Nguvu zinaishia kwenye kukaa macho tu, za kukumbukia zinabaki chache."

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Hata kidogo, mama. Huu ni ugonjwa, unaitwa narkolepsi. Dawa zitampunguzia, lakini hazitaumaliza."

Mkataji alihisi kama ametuliwa mzigo. Njiani, Shangazi alimshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekutukana bure."

"Yameisha, Shangazi. Kesho nakata mikono ya kulia."

Shangazi akasimama. "Kwa kile kisu cha umeme? Nilikuachia nikidhani nikikufokea utajirekebisha. Sasa nimejua. Kikikukata vidole, kaka yangu nitamwambia nini?"

Mkataji akautoa mkono wake polepole. Uvivu angeweza kuapa kuuacha; ugonjwa, la.

Kesho yake fundi wa vifungo ndiye aliyekuwa kwenye meza ya kukatia, akigeuza karatasi huku ananong'ona ili asikosee. Hakuna aliyefanya utani. Walimletea mkataji kiti chenye mto na kapu la nyuzi za kupanga.

"Kaa, dada," walimwambia kwa sauti ya chini, kama walio karibu na kitanda cha mgonjwa. "Ukichoka, lala tu."

Akabaki amesimama.