Kiti Tulichompelekea Maman Nsimire

Nianze kwa kukiri, maana nikizunguka nitajikuta najitetea: mimi Furaha, niliyekuwa najisifu kwa ripoti safi, ndiye niliyewavalisha wenzangu kitenge cha sare, nikawapandisha kilima cha Nyangezi kumpelekea kiti cha magurudumu mtu mwenye miguu imara kuliko yetu sote. Chekeni tu, nimezoea.

Nyie mnaojiunga nasi leo hamjui desturi yetu, basi niwaeleze. Sisi ni wamama saba wa mtaa huu wa Cimpunda, hapa mjini, tunachanga kidogo kidogo mpaka kipatikane cha kumsaidia mtu, lakini kabla ya kutoa chochote mmoja wetu lazima aende akaketi kwa huyo mtu, amuulize, amsikilize, kisha arudi kutueleza. Na kila mkutano tunaufungua kwa mmoja kusimulia kosa alilofanya katika kutoa, ili wengine wasilirudie. Maman Béatrice alishatusimulia viatu alivyowapelekea yatima bila kuuliza ukubwa wa miguu yao, vyote vikawabana. Mimi kila zamu yangu ikifika nilikuwa nasema, "Miye bado sina kosa," (tena nimekunja nne, jamani!) na kiongozi wetu Maman Adolphine anatabasamu tu.

Basi ikafika zamu yangu ya kwenda kumuona Maman Nsimire, mjane wa Nyangezi. Siku hiyo mvua ilishika tangu alfajiri, barabara ikawa uji, nikaangalia dirishani, nikaangalia viatu vyangu, nikaamua kutokwenda. Ni hapo tu, uamuzi mdogo hivyo. Mimi ni sekretere katika ofisi moja ya misaada, na huko nilijifunza ubaya mmoja, kuandika habari za mahali nisipokanyaga. Mvua ilipopungua nikashuka sokoni kumuuliza muuza mboga mmoja mzaliwa wa huko, akaniambia yule mama alianguka mwaka jana akavunjika mguu, hata kutembea hawezi. Na ilikuwa kweli, kweli ya mwaka jana. Nikarudi nyumbani, nikajimiminia chai, nikaandika, na kwa kuwa uongo mkavu haumezeki nikautia chumvi: "Alinikumbatia, akalia begani pangu." Wenzangu walipanguza machozi. Maman Béatrice akaomba nirudie hapo pa begani, nikarudia (na nikaongeza kidogo).

Mfuko wote ukaenda kwenye kile kiti. Kitenge cha sare kilikuwa wazo langu, kila mmoja akajishonea.

Tulifika Nyangezi siku ya soko, watu wamejaa, na kiti kinang'aa juu ya gari. Kutoka barabarani hadi kwa Maman Nsimire kuna njia nyembamba ya kupanda, udongo wake ukilowa ni sabuni tupu. Magurudumu yakazama. Tukasukuma, tukavuta, Maman Béatrice akakaa chini bila kupenda. Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, mzigo wa kuni mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, akasimama kutuangalia.

"Maman, utusaidie, hii kiti inatushinda," nikamwambia, kwa ile sauti yetu ya watu wa mjini.

Hakuuliza kitu. Alitua kuni zake, akakifunga kiti kwa ule ukanda, akakitundika mgongoni, akapanda. Sisi nyuma tunashikana mikono tusianguke, na mimi, Mungu anisamehe, nikawaambia wenzangu, "Munaona nguvu ya wamama wa huku? Masikini Maman Nsimire, angekuwa tu hivi!"

Juu kabisa akakitua. Majirani walikuwa wameshatufuata, hata na waliotoka sokoni.

"Nikiweke kwa nani?" akauliza.

"Kwa Maman Nsimire," nikajibu kwa sauti ili wote wasikie, "ule mwenye hawezi kutembea."

Akatuangalia mmoja mmoja. "Nsimire ni miye."

Maman Adolphine akanigeukia polepole. "Furaha, si ulisema alikukumbatia?"

"Huyu?" Maman Nsimire akashangaa. "Miye sijamuonaka hata siku moja."

Kilima kizima kikacheka. Lakini kicheko si kitu, kicheko kinapita. Kilichoniumiza ni pale yule mama alipopapasa kiti kwa adabu, akasema, "Aksanti sana, lakini muguu ilishaponaka," halafu akatuonyesha shamba lake kando ya nyumba, limelimwa vizuri, limelowa vizuri, na halina kitu. Wakati amelala na mguu alikula maharagwe yake yote ya mbegu. "Mvua ndiyo hii, ikipita imepita. Kama mungeniuliza, ningesema mbegu tu."

Na mbegu zake zote zilikuwa zimesimama pale uani, zina magurudumu. Nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya watu. Yule mama akaja akanishika, na ripoti yangu ikawa kweli kwa kupinduka: mimi ndiye niliyelia begani pake.

Wenzangu hawakunifokea. Maman Adolphine alikaa juu ya jiwe, akafanya kazi niliyopaswa kuifanya mimi, akamuuliza na kumsikiliza. Maman Nsimire akasema kiti kiende kwa katekista mzee ambaye wanawe humbeba mgongoni kila Jumapili kwenda misa, na kwamba maharagwe ya soko la mjini hayaoti vizuri kule, ila jirani yake ana mbegu nzuri. Tukachanga pale pale, tukachimba hadi nauli ya kurudi, mbegu zikapatikana. Kurudi tulitembea mpaka lori la mchanga lilipotuonea huruma, tukapanda juu na sare zetu.

Tangu siku ile naenda, mvua au jua, na viatu nimeviacha vichakae. Maman Nsimire alivuna, na sasa ni mwenzetu wa nane, anachanga maharagwe, na kila tukipata wageni kama nyie yeye ndiye hunisukuma nifungue mkutano. Ndiye huyo nyuma yenu, anayejifanya anachambua mboga. Mgeukieni mumuulize, msiniamini mimi.