Jasho kwenye Bariere

Miaka ile ya uasi, uhuru ukiwa bado mbichi, nilikuwa kwenye foleni ya bariere ya Kavimvira, kizuizi cha askari barabarani. Mbele yangu alisimama mwalimu mmoja. Jasho la viganja vyake lilikuwa limelowesha karatasi yake ya ruhusa ya kupita, hata wino ukavuja.

"Weye! Muntu hana kosa anatoka jasho ivi?" askari akauliza akiipokea karatasi, mkono wa pili ukisogea kwenye bunduki.

"Miye iko ivi tangu utoto, shefu."

Foleni nzima tulitazama chini. Mama mmoja muuguzi ndiye aliyesogea mbele, akachomoa kitabu cha sala kilichochomoza mfukoni mwa mwalimu na kukifungua. Kila ukurasa ulikuwa na doa la zamani pale vidole vinaposhika.

"Woga inapitaka, shefu. Hii iko ugonjwa ya mikono. Ao anaogopaka hata padri ku misa?"

Watu wakacheka, na askari pia. Akamrudishia mwalimu karatasi yake, kisha akamwinamia yule mama, sauti chini. "Na dawa iko?"

"Loweka mikono mu chai nzito bila sukari, kila siku."

Hapo ndipo nilipoona kitambaa kilichozungushwa kwenye bunduki ya askari pale anapoishika. Kilikuwa kimelowa chapachapa. Kumbe tulikuwa tunamtetemekea mtu anayeficha viganja!

Juma lililofuata nilipita tena. Kando ya askari yule palikuwa na bakuli la chai nyeusi, na bunduki haikuwa na kitambaa. Ndiye mtu wa kwanza mwenye silaha aliyewahi kunipa mkono, na ulikuwa mkavu.